Kula Ukiwa na Kichefuchefu na Uzito Pungufu: Mwongozo kwa Vijana

Kichefuchefu cha mezani kinamwumiza zaidi mtu aliyekwisha kukonda. Mwenye akiba mwilini akiruka mlo mmoja hata haonekani. Wewe ukiruka, unausikia jioni miguuni, kwenye baridi ambayo wenzako hawaioni, kwenye kizunguzungu ukiinuka kitini. Halafu unaambiwa "jikaze, ule". Kujikaza huko ndiko kunakoharibu. Sahani iliyojaa inalipanua tumbo kwa mkupuo, kichefuchefu kinapanda, unatapika au unaisukuma mbali, na kesho ukiiona sahani ile ile koo linajifunga kabla hujaonja.

Tena, mtu akila kidogo mno kwa wiki nyingi, tumbo lenyewe hupunguza mwendo. Chakula hukaa humo muda mrefu kuliko kawaida, unashiba kwa matonge matatu, na kichefuchefu kinazidi. Kutokula kunaleta kichefuchefu, kichefuchefu kinaleta kutokula. Mduara huo hukatwa kwa kula kidogo kidogo bila kukosa mpaka tumbo lirudie kazi yake, na huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga kitu kimoja: chakula kiwe kidogo kwa ujazo, kizito kwa nguvu, na kiliwe kwa saa, si kwa hamu. Hamu hurudi mwishoni. Ukiisubiri ndipo uanze, hutaanza.

Kabla ya yote: je, unaweza kuanza mwenyewe?

Pima uzito asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi. Pima urefu bila viatu. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 50: 1.70 × 1.70 ni 2.89, na 50 ÷ 2.89 ni 17.3. Hiyo ndiyo BMI yake, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Kama hujafika miaka 20, mwombe mhudumu wa afya akusomee kwa chati ya umri wako.

Namba peke yake haisemi yote. Yuko aliye mwembamba tangu utoto, uzito wake haujabadilika miaka mingi, ana nguvu zake, na kama ni mwanamke anapata hedhi yake sawasawa. Yuko pia aliyepoteza kilo 4 tangu miezi mitatu iliyopita bila kujua sababu. Huyu wa pili aende hospitali kwanza, mwongozo baadaye.

Wapo pia wasiopaswa kabisa kuanza kuongeza chakula peke yao: mwenye BMI chini ya 16, na yeyote ambaye kwa siku 5 au zaidi amekula kidogo sana au hakula kabisa. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kuyumba. Daktari huanza na kiasi kidogo, humpa mgonjwa vitamini B1, na hupima damu mara kwa mara. Hili si jambo la kujaribu nyumbani.

Jua kichefuchefu kinakuja lini

Kwa siku 5 hadi 7 andika kwenye daftari kila unachokula: saa, kitu gani, kiasi gani, kichefuchefu kwa alama 0 hadi 10, na kilianza wakati gani. Andika na choo, usingizi, dawa ulizomeza. Usibadilishe chochote bado. Watu wengi wanataka kuruka hatua hii, lakini ndiyo inayookoa muda kuliko zote, kwa sababu wakati kichefuchefu kinapotokea ndio unaokuambia ushike njia gani.

Kikianza kabla ya kula, chungu kikiwa bado jikoni, mara nyingi ni harufu, hofu, au tumbo tupu. Tumbo tupu lenyewe huleta kichefuchefu, hasa asubuhi, na watu hulichukulia kama ishara ya kutokula, kumbe dawa yake ni kula kidogo. Kikija kwenye matonge ya mwanzo pamoja na kushiba upesi, tumbo halipanuki vizuri au limezoea kidogo: punguza ujazo. Kikija nusu saa hadi saa moja baadaye, tazama mafuta mengi, vyakula vya kukaanga, na maji mengi yaliyonywewa pamoja na mlo. Kikija na kuungua kifuani au maji machungu kooni, ni asidi inayopanda. Kikija na gesi na kuharisha saa moja au mbili baada ya maziwa, huenda sukari ya maziwa haikupatani. Na ukitapika chakula ulichokula saa nyingi nyuma, bado unakitambua, tumbo halisukumi chakula mbele inavyotakiwa: mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona.

Angalia na safu ya choo. Aliyefunga choo siku tatu hatapona kichefuchefu kwa kubadilisha chakula cha juu wakati njia ya chini imeziba. Maji ya kutosha, kutembea, matunda yaliyoiva, na ikibidi dawa ya kulainisha choo kwa ushauri wa mfamasia.

Dawa nazo zichunguze moja moja. Ibuprofen, diclofenac na aspirini huchokoza tumbo. Metformin, vidonge vya madini ya chuma, doxycycline, metronidazole, vidonge vya kuzuia mimba, na dawa za sonona na wasiwasi kama sertraline na fluoxetine (hasa wiki mbili za mwanzo) huleta kichefuchefu. Dawa za kusaidia umakini kama methylphenidate huua hamu; kifungua kinywa kiliwe kabla ya kidonge. Usiache dawa uliyoandikiwa. Uliza kama inaweza kumezwa na chakula au kubadilishwa. Bangi inayovutwa mara kwa mara kwa muda mrefu inaweza kuleta vipindi vya kutapika vinavyotulia kwa kuoga maji ya moto tu. Ukijiona hapo, huenda chanzo ni hiyo, na tiba ni kuiacha.

Panga siku kwa saa

Milo sita midogo, mmoja kila baada ya saa mbili na nusu hadi tatu. Mfano wa siku ya kawaida:

1. Kabla ya kutoka kitandani: biskuti kavu 2 au kipande cha mkate uliokaushwa, ulivyoweka karibu tangu usiku. Kaa dakika 15 ndipo usimame.
2. Saa 1 asubuhi: uji kikombe kimoja, ulioongezwa nguvu kama inavyoelezwa hapa chini.
3. Saa 3 na nusu: kinywaji kizito kinachoelezwa hapa chini, nusu yake.
4. Saa 6 mchana: mlo kwenye sahani ndogo.
5. Saa 9 alasiri: kitafunwa kikavu, au nusu iliyobaki ya kinywaji cha asubuhi.
6. Saa 12 jioni: mlo mwingine mdogo.
7. Saa 2 na nusu usiku: mtindi au maziwa, nusu kikombe, si chini ya saa mbili kabla ya kulala.

Biskuti za kitandani ni za kufungulia njia tu, hazihesabiwi kuwa mlo. Saa unaweza kuzisogeza, pengo usilirefushe. Daftari likionyesha kwamba saa 6 mchana ndiyo saa yako nzuri, mlo wenye nguvu zaidi uhamie hapo, na jioni ubaki na vitu laini. Weka kengele kwenye simu. Njaa yako kwa sasa si saa ya kutegemea.

Maji unywe katikati ya milo, sio juu yake. Ukiwa mezani, mafunda machache yasiyozidi nusu kikombe; mengine yaache mpaka nusu saa ipite. Lita 1.5 hadi 2 kwa siku zinatosha wengi. Soda zenye gesi huchukua nafasi ambayo ungeitia chakula.

Kuongeza nguvu bila kuongeza ujazo

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo tuende taratibu. Ili kupanda robo hadi nusu kilo kwa wiki, unahitaji takriban kalori 300 hadi 500 za ziada kila siku juu ya zile zinazokuweka ulipo. Kwenye wali mtupu hizo ni vikombe viwili hivi, mlima kwa mtu mwenye kichefuchefu. Kwenye mafuta ni vijiko vitatu au vinne vya chakula vilivyopotea ndani ya milo sita. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, cha siagi ya karanga kama 95, cha asali kama 60. Nusu parachichi ni kama 160, yai moja kama 70.

Ila mafuta yana tabia yake: hulichelewesha tumbo kujimwaga. Ukiyamimina yote siku ya kwanza, utapata kichefuchefu kile kile ulichokimbia. Anza na kijiko kimoja cha chai katika milo miwili, kaa siku tatu, ongeza mlo wa tatu. Mafuta yaliyochanganywa kwenye kitu laini au cha kunywa huvumilika kuliko ya kwenye nyama au vyakula vya kukaanga, kwa sababu kimiminika hutoka tumboni upesi kuliko kigumu.

Maziwa mazito ndiyo msingi wa mambo mengi. Chukua nusu lita ya maziwa yasiyoondolewa mafuta na vijiko 4 vya chakula vilivyojaa vya maziwa ya unga. Usimwage unga kwenye maziwa yote. Uweke kwenye kikombe, tia maziwa kidogo, ukande na kijiko mpaka iwe rojo laini isiyo na punje, ndipo uongeze yaliyobaki huku ukikoroga. Kinundu kimoja cha unga kikigusa ulimi wa mtu mwenye kichefuchefu, kikombe kizima kimekwisha kazi. Maziwa hayo yana nguvu inayokaribia mara mbili ya yale ya kawaida, na ujazo ni ule ule. Yatumie kwenye uji, viazi vya kuponda, supu.

Kinywaji kizito: mililita 200 za maziwa hayo, ndizi 1 iliyoiva, vijiko 2 vya chakula vya siagi ya karanga, kijiko 1 cha asali. Saga mpaka kiwe laini kabisa. Ni karibu kalori 600. Usikinywe kwa mara moja. Gawa mara mbili, kila nusu inywewe polepole kwa dakika 20 hadi 30 kikiwa baridi, iliyobaki ikae kwenye friji na iishe ndani ya siku moja. Siagi ya karanga ikikulemea, anza na kijiko 1. Kama maziwa yanakuletea gesi, tumia maziwa yasiyo na laktosi au ya soya, au ujaribu mtindi, ambao wengi huuvumilia zaidi.

Uji: kikombe kimoja kilichopikwa kwa maziwa mazito badala ya maji, kijiko cha chai cha siagi, kijiko cha asali. Viazi vya kuponda: kijiko cha chakula cha siagi na yai lililopigwa, lililokorogwa viazi vikiwa bado jikoni mpaka liive kabisa.

Mboga mbichi na vyakula vya nyuzinyuzi nyingi vinafaa kwa mtu mwingine; kwa sasa vinakujaza bila kukulisha. Ziwe kidogo, zilizopikwa zikalainika.

Saa ambayo tumbo halitaki kitu, rudi kwenye vikavu na vyeupe: biskuti za chumvi, mkate uliokaushwa, wali, kiazi, ndizi. Na chakula ukipendacho kuliko vyote usikile siku unayotapika. Ubongo hukihusisha chakula na kutapika kwa mara moja tu, na unaweza kukichukia kwa miezi.

Mezani

Harufu inaongozwa na joto. Chakula cha moto kikae dakika 10 kipoe kabla hujaletewa, na wewe ukae mbali na jiko. Kinywaji kiwe kwenye kikombe chenye kifuniko na mrija. Lakini kama unacheua sana, acha mrija, unakumezesha hewa.

Tumia sahani ndogo, na pakua nusu ya kile unachodhani utamaliza. Kurudia kunatia moyo, kubakiza kunavunja. Kaa wima, legeza mkanda, miguu yote miwili sakafuni. Tonge la kwanza liwe dogo kama ukucha wa kidole gumba. Litafune mpaka liwe rojo, meza, weka kijiko chini kabisa mkono ukitoka juu yake, hesabu polepole hadi 20, ndipo uchukue la pili. Matonge matano ya mwanzo ndiyo magumu. Yakipita hayo kwa utulivu, mengine huwa mepesi. Dakika 30 zikifika, mlo umekwisha, hata kama kimebaki kitu. Kukaa saa nzima mbele ya sahani kunaifanya meza kuwa mahali pa mateso, na mlo unaofuata unaanza na hasara.

Nusu saa kabla ya mlo unaweza kunywa tangawizi: kijiko kimoja cha chai cha tangawizi mbichi iliyokunwa ndani ya mililita 200 za maji ya moto, funika dakika 10, chuja, nywa ikiwa vuguvugu. Mwenye kiungulia inaweza kumzidishia, aiache. Anayetumia dawa za kufanya damu isigande amwulize daktari kwanza.

Kichefuchefu kikipanda katikati ya mlo, acha kutafuna. Vuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya 4, toa kwa mdomo kwa hesabu ya 6, mara 10. Weka kitambaa chenye maji baridi shingoni kwa nyuma. Pamba au kitambaa kidogo cha spiriti, kile cha kufutia ngozi kabla ya sindano, kishike sentimita 2 kutoka puani, unuse taratibu kwa muda usiozidi dakika moja. Hospitali nyingine huwapa wagonjwa wa dharura njia hii, na inasaidia upesi. Unaweza pia kubonyeza upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili, kwa dakika 2 au 3. Hii haisaidii kila mtu, lakini haidhuru. Dakika 5 zikipita na kimeshuka, chukua nusu kijiko. Hakijashuka, ondoa sahani machoni, na baada ya nusu saa jaribu kinywaji.

Ukimaliza, usilale chali. Kaa wima kwa saa moja au tembea polepole dakika 10 hadi 15; mwendo mwepesi hulisaidia tumbo, mbio hulivuruga. Mwenye asidi inayopanda usiku ainue upande wa kichwani wa kitanda sentimita 10 hadi 20 kwa kuweka vitu imara chini ya miguu ya kitanda. Mito tu hukunja tumbo na kuzidisha shida.

Ukitapika, usipige mswaki papo hapo. Asidi imelainisha meno na mswaki utayakwangua. Sukutua kwa maji yenye kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, subiri angalau nusu saa. Anza na mafunda ya maji kila dakika 5. Ukitapika mara kadhaa, tumia maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya usawa. Chumvi isizidi.

Kwa wanaokula pamoja na mwenye kichefuchefu: msihesabu matonge yake, msiseme "leo umejitahidi", wala "hujala kitu". Zungumzeni mambo mengine. Macho yanayolinda sahani huleta hofu, na hofu ni kichefuchefu.

Ya kupeleka kwa daktari

Nenda siku hiyo hiyo ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo kikiwa cheusi kama lami, tumbo likiuma vikali, macho yakiwa ya manjano, ukizimia, au kama maji hayakai tumboni kwa saa 24 na mkojo umepungua na kuwa wa rangi iliyokolea. Nenda wiki hii kama umepoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita bila kutaka (kilo 2.5 kwa mtu wa kilo 50), chakula kinakwama kooni, una homa au jasho la usiku, una kiu na mkojo mwingi kupita kawaida, hedhi imekoma, au kichwa kinauma asubuhi pamoja na kutapika.

Beba daftari. Uliza kuhusu vipimo vya damu, sukari, tezi ya shingo, figo na ini, ujauzito kwa mwanamke, bakteria wa tumbo H. pylori, na ugonjwa wa utumbo kutovumilia ngano (celiac). Mambo mawili huharibu majibu bila mtu kujua. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazole zinaweza kumficha H. pylori kwenye kipimo cha pumzi au choo, kwa hiyo kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4. Kipimo cha ngano nacho hakisomeki vizuri kama tayari umeacha ngano. Endelea kuila mpaka upimwe.

Dawa za kuzuia kutapika usijinunulie. Metoclopramide inaweza kukaza misuli ya shingo na taya, na vijana ndio wanaopatwa zaidi. Domperidone inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Zinasaidia zikitolewa na anayejua moyo na dawa zako nyingine.

Na kama ndani yako unaogopa kuongezeka uzito, unajitapisha, au unakwepa vyakula kwa sababu ya hofu ya kukabwa au kinyaa cha jinsi vilivyo mdomoni, mwambie daktari waziwazi. Hayo ni maradhi yenye tiba, wala si ukaidi. Hesabu za kalori hapa juu ziache. Mpango wako apange mtaalamu pamoja nawe.

Kupandisha kiasi

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi. Mizani ya kila siku hupima maji na choo tu. Wiki 2 za mwanzo lengo si kilo, ni milo sita bila kukosa na kichefuchefu kushuka walau alama 2. Hapo ndipo uongeze: matonge mawili katika mlo mmoja tu, kaa siku 3, kisha mlo mwingine. Usiongeze ujazo na mafuta kwa siku moja, maana kichefuchefu kikirudi hutajua nani kakirudisha. Uzito usipopanda kwa wiki 4 na milo hukosi, rudi hospitali na daftari.

Siku mbaya ikija, shuka kwenye vimiminika na vikavu kwa saa zile zile ulizopanga, hata kama ni mafunda matatu tu. Kesho yake anza na robo tatu ya kiasi ulichokuwa umefikia, na siku inayofuata urudi mahali pako.